Vipande vya Bati vya Gari la Harusi

Baba mkwe wangu hajawahi kunipa mkono, na hatanipa mpaka mmoja wetu azikwe. Ndivyo tulivyo sisi Wagusii. Mke wa mwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa mbali: yeye haingii nyumbani mwangu, mimi sikalii kiti alichokalia, na tukikutana njiani mmoja wetu anajibanza kwenye ua kama mwizi wa kuku. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba mtu asiyeweza kunitazama usoni ndiye aliyeamua niishi wapi, na mimi niliusikia uamuzi huo nikiwa nyuma ya ukuta wa mabati, nimekaa kwenye gurudumu kuukuu, nikimnyonyesha mjukuu wake.

Mume wangu alikuwa na gereji pembeni mwa mji wa Nyamira, kwenye barabara ya kwenda Keroka. Nikisema gereji usifikirie jumba. Ilikuwa banda la mabati, shimo la kuingilia chini ya gari, na nyuma yake chumba kimoja tulichoishi sisi na mtoto wetu, msichana, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa bila kuanguka. Umeme haukuwepo. Baba mkwe alikuwa anakaa ng'ambo ya bonde, kwenye shamba lake la chai, na siku hiyo alikuja na baiskeli yake akasimama nje, akamwita mwanawe, akaanza kusema kwa sauti ya kutosha ili nisikie.

Alisema chai inazeeka kwenye matawi. Alisema mikono pale nyumbani imepungua. Alisema ni aibu mke wa mtu, tena aliyemaliza Fomu Foo, kukaa katikati ya wanaume na harufu ya petroli kana kwamba hana kwao. Kwa hiyo Ijumaa angerudi na baiskeli, afunge sanduku langu kwenye keria, na mimi nifuate nyuma na mtoto mgongoni. Mume wangu angebaki mjini na kazi yake, awe anakuja kutuona.

Mume wangu alijibu, "Ndiyo, baba."

Hayo tu. Mtu anayeweza kuishusha injini peke yake kwa mnyororo na boriti, mbele ya baba yake alikuwa na maneno mawili.

Niseme wazi, maana watu hupenda kunielewa vibaya. Chai si kazi mbaya. Nimechuma chai tangu nikiwa na urefu wa kikapu, na shuleni wakati wa likizo nilikuwa nawaacha wenzangu nyuma kwenye mstari. Kibaya si chai. Kibaya ni kupelekwa. Kibaya ni kuamka asubuhi ukiwa sanduku.

Sikulia. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua ufagio, nikafagia gereji nzima mpaka mafundi wawili waliokuwa chini ya lori wakaomba nipunguze vumbi. Niliwaambia wafunge midomo, vumbi halitaingia.

Sasa, juma hilohilo palikuwa na gari pale gerejini ambalo kila mtu alilizungumzia kwa sauti ya chini. Lilikuwa gari dogo la zamani, la miaka ya hamsini, mviringo kama mkate wa boflo, ambalo Mzungu mmoja wa mashamba ya chai upande wa Kericho aliliuza alipokuwa anarudi kwao. Alilinunua mwenye duka la vitambaa hapo mjini, na alitaka kumpeleka binti yake kanisani nalo Jumapili. Injini ilikuwa tayari. Nje palikuwa pameshang'aa. Palipobaki ni ndani, na ndani ya magari ya wakati ule palikuwa bati tupu: dashibodi ya bati, fremu za madirisha za bati, kifuniko cha kisanduku kilicho mbele ya abiria, kifuniko cha chini ya usukani, hata vishikio vya milango. Vyote vilikuwa vimepakwa rangi ya kahawia kwa brashi na mtu asiyependa gari wala Mungu. Ilikuwa imemenyeka, na kutu ilichungulia kwenye kona.

Fundi wetu wa rangi alikuwa amevifungua vyote, akavipanga juu ya gunia. Halafu Jumatatu asubuhi tukaambiwa ameonekana akipanda basi la Kisumu na godoro lake. Mtu haendi na godoro akiwa na nia ya kurudi.

Mume wangu alisimama mbele ya lile gunia kama mtu aliyefika kilioni. Yeye ni wa injini. Mpe rangi na atapaka mpaka kwenye kioo. Mafundi wale wawili walitazama pembeni.

Nikasema nitavipaka mimi.

"Wewe?"

"Mimi."

"Hivi si bakuli, mama mtoto."

"Bakuli ndilo gumu," nikamwambia. "Bakuli lina tumbo. Hii dashibodi imelala tu."

Alijua ninasema nini. Mimi ni wa Tabaka, kule kwenye machimbo ya jiwe laini, lile la kuchongea bakuli na viboko na tembo wa kuuzia watalii. Kwetu mwanamume anachonga na mwanamke anasugua. Mwanamume akishapata umbo lake anaona kazi imeisha, anakwenda kusifiwa. Mwanamke anaketi na beseni la maji na vipande vya msasa, anaanza na ule mkali, anashuka mpaka ule laini kama sikio la paka, na anasugua ndani ya maji mpaka jiwe liache kukwaruza kidole. Mwisho analipaka nta, linang'aa. Mama yangu alinisomesha kwa kusugua. Nilimaliza sekondari na viganja vyangu havikuwa na mistari.

Mafundi wa gereji walikuwa wanasugua bati kavukavu, vumbi likiwapanda puani, na bati likitoka na mikwaruzo ambayo rangi haiwezi kuificha. Nilikuwa nimeyaona hayo kwa mwaka mzima nikiyanyamazia.

Nikamvuta mume wangu kando. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nikifagia.

"Nikivifanya vipande hivi na mwenye gari akavikubali, siendi kwenye chai. Na utamwambia baba yako wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, si kwa kukohoa."

Alizungusha nati mkononi kwa muda. "Akivikubali," akasema.

"Ndiyo."

"Na akivikataa?"

"Akivikataa nitalifunga sanduku mwenyewe. Hata kamba nitatafuta."

Ndiyo hayo. Hapakuwa na shahidi isipokuwa mtoto, aliyekuwa anakula kola ya gauni langu.

Mwenye gari alipopita mchana kuangalia kazi akanikuta nimechuchumaa mbele ya beseni na dashibodi yake, alisimama akamwuliza mume wangu, "Fundi, mimi nilileta gari. Nilileta sufuria?" Mafundi wakacheka. Nikaendelea kusugua, nikamwambia kwamba sufuria pia ninaosha, na hakuna hata moja iliyowahi kunikalia kichwani. Hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye tepu ya kupimia shingoni saa zote, hata barabarani. Alisema anataka rangi iwe kama Mzungu alivyoinunua, si ile kahawia, ila ilikuwa rangi gani hajui. Akaenda zake.

Rangi ile niliipata Jumanne. Nilipofungua saa ndogo iliyokuwa katikati ya dashibodi, chini ya ukingo wake palikuwa na duara ambapo brashi ya kahawia haikufika na jua halikuwahi kuona. Kijani hafifu, chenye maziwa ndani yake. Ukibandua gome bichi la mgomba na kutazama upande wake wa ndani, utaiona. Nilikaa nikiitazama. Siku nyingi nilikuwa sijaona kitu kizuri ambacho hakuna aliyekuwa ameniambia nikitazame.

Mama yangu alifika siku hiyohiyo kutoka Tabaka. Nilimtumia neno kwamba nahitaji mtu wa kushika mtoto, naye hakuja mikono mitupu: alikuja na gunia la bakuli na viboko ambavyo havijasuguliwa, ili asikae bure. Mama yangu hajui kukaa bure. Kwenye matanga anasugua. Alimchukua mjukuu wake, akautazama ule ukuta wa mabati, akanitazama mimi, akauliza kama huku ndiko Fomu Foo inakoelekea. Nikamwambia inaelekea pabaya zaidi, nikamweleza ya Ijumaa. Alitoa beseni lake akaliweka karibu na langu.

Basi tukawa wawili, na mafundi wakakosa la kusema, maana mama yangu ana ulimi. Mmoja wao alimwuliza kama, kwa wanawake wanavyoongezeka, Jumatano watafungua kanisa hapo. Mama akamwambia afadhali kanisa, angalau angenawa kabla ya kuja.

Ile kahawia tuliitoa kwa dawa ya kuondoa rangi, iliyonitoboa kucha. Kutu niliikwangua. Halafu nikasugua ndani ya maji, nikakausha palepale kwenye jua ili kutu isirudi, nikapuliza praima nyekundu, ile rangi ya kwanza inayoishikisha ya juu. Mashine ya kupulizia hatukuwa nayo, ila lile bomba la mkono la dawa ya mbu, ambalo yule fundi wa godoro alikuwa amelitoboa upya tundu lake kwa sindano. Ukilisukuma kwa pumzi moja bila kusitasita linatoa ukungu sawasawa. Ukisita, linatema. Nilijifunza kwa kulitemesha kwenye mlango wa choo. Praima ilipokauka tukaisugua tena, kwa msasa laini kabisa, mpaka vipande vikawa kama ganda la yai. Hata mume wangu alipita akapitisha kidole, akarudi akapitisha tena.

Jumatano nilikwenda Kisii kutafuta rangi. Dukani nilichukua nyeupe, nikachukua kijani na manjano kidogo, na nyeusi ya kijiko, zote za aina ile inayokauka upesi, kwa kuwa hatukuwa na siku za kusubiri. Halafu nikashuka Daraja Mbili, kwa wauza mitumba, nikachagua mashati ya pamba yaliyochakaa ya kufutia. Mwuzaji alidhani mume wangu ni maskini sana. Nikamwacha afikirie hivyo, akanipunguzia.

Niliporudi giza lilikuwa linaingia. Vipande vilikuwa vimening'inizwa kwa waya, na mama alikuwa amevifunika kwa neti ya mtoto, vumbi lisivipate. Nikamshukuru. Sikuifunua. Ningeifunua ningejiokoa.

Alhamisi asubuhi niliikoroga ile rangi tone kwa tone, nikiipaka kwenye kipande cha mkebe na kuilinganisha na lile duara la saa, mpaka nikashindwa kuona ipi ni ipi. Nikampelekea mwenye gari dukani. Alitoka na kile kipande cha mkebe mpaka mlangoni, akakigeuza kwenye mwanga kama anavyofanya na vitambaa vyake, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikarudi mbio. Nikanyunyiza maji sakafuni ili vumbi lilale, nikavuta neti, nikavifuta vipande juu juu kwa shati kavu, nikashika bomba, nikapuliza dashibodi.

Ilipendeza kwa muda wa mtu kumeza mate. Halafu rangi ikaanza kukimbia. Ilifunguka matundu, mviringo, madogo na makubwa, na ndani ya kila tundu praima nyekundu ikinitazama. Dashibodi nzima ikawa na macho. Nikapuliza kipande kingine, vivyo hivyo. Kingine, vivyo hivyo. Nikasimama. Nikapitisha kidole kwenye fremu ambayo sikuwa nimeigusa, na kidole kikateleza.

Nilimwita mama. Alitoka na mtoto kiunoni.

"Mama, hivi vipande umevifanya nini?"

"Nimevipaka nta."

"Nta."

"Ya sakafu. Ile ninayopaka bakuli." Alikuwa amefurahi, maskini. "Nimeipaka vizuri, nikaisugua na kitambaa. Hukuona vilivyokuwa vinang'aa?"

"Mama, rangi haishiki juu ya nta."

"Mimi ningejuaje? Ulitaka niviache vile, vikavu? Vilikuwa vinatia huruma."

Nataka kueleza nilichohisi, lakini niliyoyasema sitayaandika, kwa sababu yule ni mama yangu. Nilisema mengi. Nilisema kuhusu Tabaka, na kuhusu mawe, na kuhusu kila mtu anayenisaidia bila kuniuliza, tangu baba mkwe mpaka yeye. Mafundi walitoka chini ya lori wakaenda kunywa chai ambayo haikuwa saa yake. Mtoto alinitazama akaona ni mchezo, akacheka.

Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akamweka mtoto kwenye gunia, akakunja mikono ya gauni lake.

"Haya. Nta inatoka na nini?"

Petroli. Petroli kwanza, halafu maji moto na sabuni ya kipande, halafu msasa tena. Tuliifuta ile rangi mbichi kwa mashati ya Daraja Mbili na thina, ile dawa ya kuzimulia rangi, tukavichovya vipande kimoja kimoja, tukavisugua, tukavisuuza. Kila kipande nilikipitishia maji na kutazama: maji yakitanda kama shuka, nta imetoka, yakijikusanya vitone, ipo bado. Hiyo ilitoka kichwani kwangu, kutoka kwa mwalimu wetu wa sayansi na glasi yake chafu, na ilikuwa mara ya kwanza Fomu Foo kunifanyia kazi tangu niolewe.

Tulipomaliza ilikuwa mchana, na mvua ikaja. Kila mtu wa huku anaijua mvua yetu. Haibishi hodi, na ikianza saa za mchana haina haraka ya kuondoka. Mume wangu alikuja akaniambia, kwa upole, kwamba rangi ya kukauka upesi haipulizwi kwenye mvua. Hewa ikiwa na maji na bati likiwa baridi, inaota ukungu mweupe, inakuwa kama mguu usiopakwa mafuta. Kesho asubuhi je? Kesho jua litachelewa, na yeye anahitaji mchana wote kuvifunga vipande garini, maana sisi ni Waadventista, Ijumaa jua likizama ni Sabato na hashiki spana mpaka Jumamosi jioni, na Jumamosi jioni gari linatakiwa kuwa limefungwa riboni nyumbani kwa bibi harusi.

"Tuwashe jiko humu ndani," nikasema.

"Humu? Na thina yote hii? Tutawaka sisi na gari la watu."

Alikuwa sahihi, na hilo liliniudhi zaidi. Nilikaa kwenye lile gurudumu langu. Nilikuwa naliona lile sanduku, kamba yake, keria ya baiskeli. Niliona mpaka fundo.

Mama alikuwa mlangoni pa jikoni, kibanda kidogo kilicho ng'ambo ya uwanja. Alikuwa anautazama moto. Akauliza, si kwangu hasa, kama shida ni moto au ni joto.

"Ni moto," nikasema. "Joto tunalitaka."

Akavuka uwanja akaingia gerejini. Aliporudi alikuwa amelikumbatia gunia lake la mawe, anaenda nalo kwenye majivu ya jikoni.

Jiwe la kwetu, kama hujui, linashika joto kwa ukaidi. Kule nyumbani tulipokuwa watoto mama alikuwa anatuwekea kipande miguuni msimu wa baridi, na mpaka alfajiri bado lina uvuguvugu. Aliyapanga mawe pembeni ya majivu, polepole, akiyageuza kama mahindi, kwa kuwa ukilishtua jiwe linapasuka. Bakuli moja lilipasuka hata hivyo. Alilitazama tu akasema lilikuwa na kichwa kigumu. Yalipokuwa tayari tukayafunga kwenye magunia, tukakimbia nayo kwenye mvua, mimi na yeye na mume wangu, na hata wale mafundi waliokuwa wamekimbilia chai, tukayapanga sakafuni chini ya waya. Tukafunga mlango, tukaacha nafasi juu ya kupitisha hewa.

Ukiingia ungedhani ni wazimu. Dashibodi ya Mzungu inaning'inia, fremu za madirisha zinaning'inia, na chini yake safu ya bakuli na viboko na tembo mmoja asiye na mkonga, vyote vinatoa joto kimya kimya, bila cheche, bila moshi. Nilishika bati kwa nyuma ya mkono. Lilikuwa na joto la mtoto anayetoka kulala. Mvua ilipiga mabati juu tusisikilizane. Nikashika bomba, nikavuta pumzi, nikasukuma.

Rangi ikalala. Nilisubiri macho yafunguke. Hayakufunguka. Nilisubiri ukungu. Haukuja. Nikapuliza mkono wa pili wa rangi, na jioni, mawe yalipobadilishwa, wa tatu. Mume wangu alisimama mlangoni akiwa na mtoto begani.

Ijumaa alivifunga vipande kwa skrubu zake za zamani ambazo nilikuwa nimezisugua pia, na baada ya chakula cha mchana baba mkwe akafika. Alisimama langoni, mbali kiasi cha heshima, na baiskeli. Kwenye keria kulikuwa na kamba mpya, imezungushwa vizuri. Mimi nikasogea nyuma ya gari, upande wangu, kama inavyotakiwa. Mume wangu alikwenda kumsalimu. Walinong'ona. Sikusikia, na mabega ya mume wangu hayakuniambia kitu.

Mwenye gari akaja na tepu yake shingoni. Hakusalimia mtu. Aliingia akaketi mbele, akafunga mlango. Akafungua kisanduku, akakifunga, akakifungua. Akatoka akamwomba mume wangu alisukume gari mpaka kwenye jua, nje ya kivuli cha banda, na sote tukalisukuma. Akaingia tena. Akainama mpaka pua ikagusa bati. Alipitisha kidole chini ya saa, kikasimama hapo.

"Hiki ni nini?"

Nilikijua. Jicho moja. Lilibaki chini ya saa, dogo kama kichwa cha pini. Nililiona asubuhi nikanyamaza.

Mume wangu alianza kusema kwamba sisi hapa gerejini huwa tunajitahidi, kwamba sisi tulipata shida kidogo ya mvua, kwamba sisi...

"Mimi," nikasema.

Nilisema kwa sauti, baba mkwe akiwa langoni. Haifai. Nilijua haifai.

"Si sisi. Nilipaka mimi. Hicho ni kitundu cha nta, na kiko kimoja. Jana vilikuwa mia. Ukitaka nikitoe nitakitoa, lakini harusi itakwenda kwa miguu."

Mama yangu alikuwa kwenye ngazi ya jikoni anasugua kiboko, akaacha kusugua.

Mwenye gari aliendelea kutazama dashibodi. "Hakuna jora la kitambaa lililowahi kuingia dukani kwangu bila uzi uliokatika," akasema. "Mimi natafuta ulipo. Nikiupata, ndiyo nanunua. Usipoonekana ndipo naogopa." Akashuka. Akamgeukia mume wangu, lakini kidole kilinielekea mimi. "Wiki ijayo naleta rafu za chuma za dukani. Zina kutu. Nataka huyu azipake, si wewe."

"Atakuwepo," mume wangu akasema. Halafu, na nilimwona akijikaza kama anafungua nati iliyokula kutu, akamgeukia baba yake langoni. "Baba, atakuwepo. Haendi. Tulikubaliana hivyo, mimi na yeye."

Maneno hayo niliyahesabu: yalizidi mawili.

Baba mkwe alitazama lile gari kwenye jua, milango wazi, ile rangi ndani yake. Alisogea hatua kadhaa, akachungulia kwa mbali, mikono nyuma. Kisha akaketi kwenye jiwe la langoni, akamwita mama yangu amletee mtoto. Yeye na mjukuu wake hawana marufuku. Humwita mke wake, humtania anavyotaka. Alimpakata, akamtazama usoni, akaongea naye kwa ile sauti yake ya kutosha.

"Mke wangu mdogo, mwambie mama yako chai nitatafutia vibarua."

Mtoto akashika ndevu.

"Na umwambie, baiskeli yangu hii imekula kutu kwenye fremu na madigadi. Umwulize kama na baiskeli zinapakwa, au ni magari ya harusi tu."

Mume wangu akanitazama. Mafundi wakanitazama. Nilikuwa bado nina hasira. Ninazo hata sasa ninapoandika, na yule mtoto amelala kwenye kiti cha nyuma cha gari la mteja. Lakini nilisogea mpaka kwenye pembe ya banda, nikageuza uso upande wa barabara kama adabu inavyotaka, na nikamjibu mtoto.

"Mwambie babu yako aiegemeze hapo ukutani. Na asiipake mafuta."

Akaiegemeza. Alifungua ile kamba mpya kwenye keria, akaikunja, akaitia mfukoni. Halafu akamrudisha mtoto kwa mama yangu na akaanza kuteremka bondeni kwa miguu, upesi kidogo, ili afike nyumbani kabla ya jua kuzama na Sabato kuingia.